Abiria wa Nne: Randy Travis na Safari ya Mwimbaji wa Kantri Kuelekea Injili



Mada niliyopewa inahusu mwimbaji wa kantri anapogeukia muziki wa Injili. Ningeweza kutaja majina ishirini na kuyapita mbiombio. Nimeona heri nichukue mtu mmoja, nimfuate hatua kwa hatua, na wengine niwaite pale tu watakaponisaidia kumweleza. Mtu huyo ni Randy Travis, mzaliwa wa North Carolina, Marekani. Alikuwa amekwisha kufika kilele cha kantri, ameuza mamilioni ya santuri na kujaza kabati kwa tuzo, alipotoa albamu yake ya kwanza ya Injili mwaka 2000. Mwaka 2003, wimbo aliourekodi chini ya lebo ya Kikristo ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri ya Marekani. Halafu mwaka 2013 kiharusi kikamnyang'anya usemi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili mnipime nayo hadi mwisho. Wengi wetu tunaamini kwamba mwimbaji akiokoka lazima atupe kila alichokijua: mapigo yake, visa vyake, hata namna yake ya kuvuta pumzi. Mimi nasema nyimbo za Injili za Travis zilisimama kwa sababu aliingia nazo na ufundi wote wa kantri. Alikuja akijua kusimulia kisa, kuitaja dhambi kwa jina lake, na kumpa nafasi ya mbele mtu ambaye watu wa heshima hawamtazami mara mbili. Moyo uligeuka, mkono wa fundi ulibaki uleule.

Shina moja

Muziki wa kantri ulikulia katika vijiji vya kusini mwa Marekani, na huko kanisa ndilo lililokuwa shule ya kwanza ya muziki. Mkulima asiye na senti ya kumlipa mwalimu alijifunza sauti ya pili na ya tatu Jumapili, akiwa amesimama ubavuni mwa mama yake. Jumamosi usiku mkulima huyohuyo alikuwa amepiga fidla kwenye dansi.

Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alifika Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Alifunga mitambo yake akaita wenyeji waje kuimba. Hapo ndipo Carter Family na Jimmie Rodgers waliporekodiwa kwa mara ya kwanza, na wanahistoria wengi huanzia hapo kuhesabu umri wa biashara ya kantri. Ukizisikiliza rekodi za Bristol utakuta nyimbo nyingi za dini zimekaa bega kwa bega na nyimbo za mapenzi, za mauaji na za garimoshi. Watu wa pale hawakuona ajabu. Maisha yao yalikuwa na hayo yote, na nyimbo zao zikawa nayo.

Hank Williams, nyota wa kantri ya baa, alikuwa na mama aliyepiga kinanda kanisani huko Alabama. Gitaa alifunzwa na Mwamerika Mweusi, Rufus Payne, aliyekuwa akipiga muziki mitaani. Mwaka 1947 Williams alirekodi "I Saw the Light", wimbo ambao hadi leo huimbwa katika makanisa mengi ya Kimarekani. Alifariki tarehe 1 Januari 1953, ana miaka 29, mwili wake umechoshwa na pombe na dawa. Mtu huyo mmoja alikuwa na baa na kanisa ndani yake kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeweza kumtenganisha.

Na tusisahau kwamba shina hili lina mzizi mweusi. Thomas A. Dorsey alizaliwa Georgia mwaka 1899, akajipatia jina kama mpiga piano wa bluzi. Mwaka 1932 mkewe Nettie alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye akafa. Katika msiba huo Dorsey alitunga "Precious Lord", na tangu hapo akaitwa baba wa Injili ya Waamerika Weusi. Wimbo wake mwingine, "Peace in the Valley", aliutunga kwa ajili ya Mahalia Jackson. Mwaka 1951 ulirekodiwa na Red Foley, mwimbaji mweupe wa kantri, ukauzwa sana. Mwaka 1957 Elvis Presley akauimba kwenye televisheni mbele ya taifa zima. Kwa hiyo mwimbaji wa kantri anaposimama kuimba Injili, anaimba pia kwa sauti aliyoazimwa na watu ambao wakati ule hawakuruhusiwa kukaa naye benchi moja. Kila anayeusimulia muziki huu ana wajibu wa kulisema jambo hilo.

Ukuta wa biashara

Kama shina ni moja, kwa nini basi tunazungumza juu ya kugeuka? Kwa sababu biashara ilijenga ukuta pale ambapo wanakijiji hawakuwa nao. Kampuni za santuri zilihitaji rafu: hii ya kantri, hii ya Injili, hii ya Weusi. Redio zikafuata rafu, chati zikafuata redio, na mwimbaji akajikuta analazimika kuchagua.

Aliyekumbana na ukuta huo mapema ni Johnny Cash. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Memphis, kwa Sam Phillips mwenye Sun Records, akitaka kurekodi nyimbo za Injili. Phillips hakuwa na chuki na dini, ila alijua kwamba santuri za namna hiyo hangeweza kuziuza, akamwelekeza kwenye nyimbo nyingine. Cash akawa nyota kwa nyimbo za gereza na za reli. Mwaka 1958 alihamia Columbia, na sababu mojawapo ilikuwa kupata ruhusa ya kurekodi Injili. Albamu yake ya tenzi ikatoka mwaka 1959. Mwaka 1973 alitoa filamu juu ya maisha ya Yesu, "The Gospel Road", iliyopigwa Israeli. Maisha yake yote Cash alikuwa akivuka ukuta ule huku na huku, na kila mara alivuka kwa gharama.

Kris Kristofferson naye, mtunzi mwenye elimu ya Oxford na maisha ya vurugu, aliingia siku moja kwenye kanisa la mchungaji Jimmie Rodgers Snow huko Nashville. Larry Gatlin aliimba, Kristofferson akaguswa hadi machozi. Kutoka hapo akatunga "Why Me", na mwaka 1973 wimbo huo ukafika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri. Kristofferson hakuwa na sauti nzuri, na kila mtu alilijua hilo. Wimbo ule ulishika watu kwa sababu ni swali la mtu asiyejiona anastahili, na swali hilo lilitoka kinywani mwa mtu ambaye kila msikilizaji aliyajua maisha yake.

Kijana wa Marshville

Sasa nimfikie Travis. Jina alilopewa ni Randy Bruce Traywick. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1959 Marshville, mji mdogo wa North Carolina, wa pili katika watoto sita. Baba yake aliwapenda Hank Williams, Lefty Frizzell na George Jones, akataka wanawe wawe wanamuziki. Randy alishika gitaa akiwa na miaka minane, akaimba pamoja na kaka yake Ricky kwenye hafla za mtaani.

Ujana wake ulikuwa mchafu. Aliacha shule, akaingia kwenye pombe na dawa za kulevya, akakamatwa na polisi mara kwa mara. Katikati ya miaka ya 1970 alishinda shindano la vipaji kwenye kilabu kimoja cha Charlotte kiitwacho Country City USA. Meneja wa kilabu, Lib Hatcher, alikiona kipaji, akampa kazi, na mahakama ikakubali kumwacha kijana chini ya uangalizi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walihamia Nashville. Hatcher alipata kazi ya kuendesha Nashville Palace, na Travis akawa anakaanga samaki na kuosha vyombo jikoni, kisha anavua aproni, anapanda jukwaani kuimba, na baadaye kurudi jikoni.

Kampuni za santuri zilimkataa moja baada ya nyingine. Shutuma yao ilikuwa kwamba sauti yake ni ya kantri mno. Huo ulikuwa wakati ambapo Nashville ilitaka kufanana na muziki wa pop, wenye vinanda vya umeme na kwaya laini nyuma. Travis alikuwa na sauti nzito inayotoka kifuani na kupita puani, na tabia ya kuiteremsha noti mwishoni mwa mstari kana kwamba anaweka mzigo chini. Mwaka 1985 Warner Bros. ilimchukua, na mwaka 1986 ikatoka "Storms of Life", albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni tatu Marekani. Desemba mwaka huohuo aliingizwa uanachama wa Grand Ole Opry, jukwaa mashuhuri la kantri la Nashville. Albamu iliyofuata, "Always & Forever" ya 1987, iliuza zaidi ya hiyo, na wimbo wake "Forever and Ever, Amen" ukasambaa ulimwenguni. Nashville nzima ikageuza shingo kurudi kwenye muziki wa asili, na kizazi cha waimbaji kikapita kwenye mlango alioufungua yeye.

Naomba tusimame kidogo kwenye wimbo wake wa kwanza kufika nafasi ya kwanza, "On the Other Hand", uliotungwa na Paul Overstreet na Don Schlitz. Ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1985 haukufika mbali; uliporudishwa mwaka 1986 ukapanda hadi juu. Mwanamume yuko na mwanamke ambaye si mkewe. Mkono mmoja anahesabia sababu zote za kubaki. Mkono wa pili una pete ya ndoa. Anaipima raha, anakiri kwamba anaitamani, halafu anakumbuka ahadi. Hakuna Biblia katika wimbo huo, hakuna mchungaji, hakuna jina la Mungu. Lakini mtu aliyewahi kusimama mbele ya kishawishi anajua kwamba pale pana vita ya roho. Miaka kumi na minne kabla ya albamu yake ya Injili, Travis alikuwa tayari anaimba juu ya dhamiri.

Basi la usiku

Albamu "Inspirational Journey" ilitoka mwaka 2000. Ilifuatwa na "Rise and Shine" mwaka 2002, "Worship & Faith" mwaka 2003, na "Glory Train" mwaka 2005, ambamo aliwaalika Blind Boys of Alabama, kundi kongwe la Injili ya Weusi. Tatu za mwisho zilishinda tuzo ya Grammy, kila moja kwa wakati wake. Lebo ilikuwa Word, kampuni ya muziki wa Kikristo iliyoanzishwa Waco, Texas, mwaka 1951.

Wapo waliosema alikimbilia Injili kwa sababu kantri ilikuwa imemchoka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kweli, tangu mwaka 1994 hakuwa amepata wimbo wa nafasi ya kwanza, na redio zilikuwa zimehamia kwa vijana. Lakini mtu anayesaka soko haingii kwenye rafu ndogo zaidi dukani, tena kwa albamu nne ndani ya miaka mitano. Pia katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2019 aliandika waziwazi juu ya imani yake na juu ya kuanguka kwake. Hata hivyo, moyo wa mtu hakuna kati yetu anayeusoma. Kilicho mbele yetu ni kazi yake. Tuitazame kazi.

"Three Wooden Crosses" ilitungwa na Kim Williams na Doug Johnson. Ilitolewa mwishoni mwa 2002, na Mei 2003 ikafika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri, jambo ambalo wimbo wa lebo ya Kikristo haukuwa umelifanya kabla ya hapo. Mwaka huohuo Chama cha Muziki wa Kantri kiliupa tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Hebu tuufungue tuone ulivyojengwa.

Basi linasafiri usiku wa manane kuelekea Mexico. Ndani yake mtunzi anatutajia watu wanne: mkulima, mwalimu, mhubiri na kahaba. Angalieni aliowachagua. Watatu ni watu ambao kijiji chochote kingewaheshimu, na mmoja ni mtu ambaye kijiji kingemsema. Dereva haoni alama ya kusimama, lori kubwa linakuja, ajali inatokea. Kando ya barabara kunasimikwa misalaba mitatu ya mbao. Msikilizaji anahesabu: walikuwa wanne, misalaba ni mitatu. Mtunzi hataji aliyepona. Anatuacha na hesabu isiyotimia, na hamu ya kujua jibu inatufanya tusikilize kwa makini mpaka mwisho.

Kisha unakuja urithi. Mkulima amemwachia mwanawe shamba la eka themanini pamoja na mapenzi ya kuotesha vitu ardhini. Mwalimu ameacha hekima katika vichwa vya watoto aliowafundisha. Mhubiri, akiwa anakata roho, anaiweka Biblia yenye damu yake mkononi mwa kahaba na kumuuliza kama haioni nchi ya ahadi. Katika ubeti wa mwisho tunagundua kwamba kisa hiki chote tumekuwa tukisimuliwa na mchungaji Jumapili asubuhi, ameinua Biblia ileile yenye damu. Amepewa na mama yake. Mama yake ndiye yule kahaba.

Jambo linalonifanya niuheshimu wimbo huu ni kile ambacho mtunzi hakukiweka. Hatumwoni mwanamke akipiga magoti wala akilia madhabahuni. Hatusikii akitubu. Miaka yake yote ya kuhangaika na kujifunza upya maisha imerukwa, na tunaoneshwa matunda tu: mtoto aliyelelewa akisomewa kitabu kile. Nyimbo nyingi za Injili hukaa kwenye dakika ya kuokoka na kuishia hapo. Huu umepima wokovu kwa kizazi kilichofuata. Na kipimo hicho kimetoka kwenye kantri, muziki unaopenda kuuliza marehemu ameacha nini na kwa nani.

Travis anauimba bila kupandisha sauti. Mwimbaji mwingine angefika kwenye Biblia yenye damu akapiga ukelele ili watu wasimame. Yeye anaushusha mstari ule chini, kama alivyoushusha ule wa pete mwaka 1986. Nidhamu hiyo aliipata kwenye vilabu vya Charlotte na jukwaa la Nashville Palace, mbele ya walevi ambao hawakuweza kulazimishwa kulia. Kanisa lilinufaika na elimu iliyopatikana baa, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wanakwaya.

Sikio la Afrika Mashariki

Sisi tunalisikiaje jambo hili? Kantri si mgeni kwetu. Kenya hasa ina wapenzi wake wengi, na ina waimbaji wake, kama Elvis Otieno, anayejulikana kwa jina la Sir Elvis. Kwa wazazi wetu wengi sauti ya kwanza ya kantri ilikuwa ya Jim Reeves, na mara nyingi ilikuwa Reeves wa tenzi, wa albamu "We Thank Thee" ya mwaka 1962. Watu waliisikiliza Jumapili baada ya ibada, wasione tofauti kati yake na Reeves wa nyimbo za mapenzi. Sauti ilikuwa moja, na heshima ilikuwa moja. Masikio yetu yalikuwa tayari yameruka ule ukuta wa biashara bila kujua kwamba upo.

Lakini kwa waimbaji wetu wenyewe tumekuwa wakali zaidi. Joseph Kamaru, mfalme wa muziki wa Kikikuyu, alitangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka, akahamia nyimbo za Injili. Huyu ni mtu ambaye nyimbo zake ziliwahi kuwakemea walimu wanaowaharibu wanafunzi wa kike na kuwagusa wanasiasa wakubwa. Mashabiki wengi walimkimbia, na baadaye akarudi kwenye nyimbo zake za zamani. Tanzania, Cosmas Chidumule, sauti iliyotikisa Mlimani Park Orchestra, alitoka kwenye dansi akawa mwimbaji wa Injili. Kila mwanamuziki wa namna hii akifika kanisani anaulizwa swali lilelile: umeacha? Anatakiwa atoe ushuhuda wa jinsi alivyokuwa mbaya, azikane nyimbo zake, na ikiwezekana aimbe kwa namna ambayo haitamkumbusha mtu yeyote ukumbi wa dansi.

Fundi seremala akiokoka hatupi randa yake. Anatengeneza nayo mabenchi ya kanisa. Kwa nini mwimbaji tumtake atupe ya kwake? Mtunzi wa dansi aliyejua kusimulia kisa cha mke aliyeachwa, cha mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, cha kijana aliyepotelea mjini, tunamwomba aache visa hivyo vyote na kuimba sifa zilizokwisha kuimbwa mara elfu. Halafu tunalalamika kwamba nyimbo za Injili zinafanana.

Mwimbaji anapoanguka

Safari ya Travis haikwenda juu tu. Mwaka 2010 ndoa yake na Lib Hatcher, waliyoifunga mwaka 1991, ilivunjika. Agosti 2012 alikamatwa Texas kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na Januari 2013 alikiri kosa mahakamani, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Magazeti yalimwandika vibaya, na waliokuwa wakingoja kuona mwimbaji wa Injili akiteleza walipata walichokingoja.

Tarehe 2 Mei 2013, kwenye mazishi ya George Jones katika ukumbi wa Grand Ole Opry, Travis alisimama akaimba "Amazing Grace". Alikuwa anamzika mwimbaji ambaye baba yake alimpenda, mwimbaji aliyehangaika na pombe kuliko wengi. Wimbo wenyewe uliandikwa na John Newton, Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Ulichapwa mwaka 1779, na tuni tunayoijua leo iliunganishwa na maneno hayo katika kitabu cha nyimbo cha kusini mwa Marekani mwaka 1835. Nani alikuwa na haki zaidi ya kuuimba wimbo wa mkosaji kuliko mtu aliyetoka mahakamani miezi michache kabla ya hapo?

Julai mwaka huohuo maradhi ya moyo yaliyosababishwa na virusi yalimlaza hospitalini Texas, na siku chache baadaye akapata kiharusi. Madaktari walimpasua fuvu kupunguza mgandamizo kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 54. Alibaki na afasia, hali ya kupoteza uwezo wa kusema ingawa akili inaelewa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2016, aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri Nashville. Mkewe Mary alizungumza kwa niaba yake. Kisha mtu ambaye alikuwa na maneno machache mno ya kusema akaimba "Amazing Grace" mbele ya ukumbi.

Sayansi ina maelezo ya sehemu ya jambo hilo. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba hutumia pia upande wa kulia. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kiharusi huweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema, na wataalamu wa matibabu ya usemi huutumia uwezo huo kuwafundisha upya. Nayaheshimu maelezo hayo. Nayaongezea moja: ubongo huhifadhi vizuri kile kilichorudiwa sana. Travis alikuwa ameurudia wimbo huo miaka na miaka, hivi kwamba maradhi yalipofagia maneno ya kila siku, huo ulikuwa bado upo.

Tunayopaswa kuyachukua

Ndugu zangu, nimalizie kwa kusema na makundi matatu yaliyomo humu ndani.

Kwa waimbaji. Mkigeuka, geukeni na vyombo vyenu. Simulizi, ucheshi, mapigo ya nyumbani kwenu, lugha ya mtaani mliyoimudu, vyote hivyo vinaweza kutumika. Msitunge nyimbo kwa ajili ya mkulima, mwalimu na mhubiri peke yao. Hao tayari wana viti vya mbele. Mtungieni abiria wa nne. Itajeni hali yake kwa ukweli, na mwacheni awe mtu mzima mwenye akili, asiwe mfano wa kutishia watoto.

Kwa viongozi wa makanisa na watayarishaji wa redio. Acheni kuwapima waimbaji kwa ukali wa ushuhuda wao. Mtu anayelazimishwa kusimulia maovu yake kila Jumapili hubaki mfungwa wa maovu hayo. Pimeni wimbo: una ukweli? Umejengwa vizuri? Utaimbwa na mtu aliyefiwa, na aliyefungwa, na aliyekata tamaa? Na mwimbaji akianguka, msizime nyimbo zake siku hiyohiyo. Kama tungezizima nyimbo za wote walioteleza, wa Newton, wa Williams, wa Cash, wa Travis, vitabu vyetu vya nyimbo vingebaki majalada.

Kwa wasikilizaji. Tunayo mazoea ya kumshangilia mtu siku ya kuokoka na kumsahau siku inayofuata. Kamaru alihitaji watu wa kununua kanda zake za Injili kama walivyonunua zile za zamani. Ukimtaka mwimbaji abaki kwenye njia aliyoichagua, nunua kazi yake, hudhuria tamasha lake, mwombe atunge wimbo mpya. Imani humsimamisha mtu, lakini studio inataka kulipwa na watoto wanataka ada.

Nimemchagua Travis kwa sababu maisha yake yanatukatalia jibu jepesi. Alikuwa mwenye dhambi aliyeimba juu ya dhamiri, kisha muumini aliyeanguka, kisha mgonjwa aliyebakiwa na wimbo. Katika hatua zote hizo ufundi wake ulikuwa mmoja, na uaminifu kwa ufundi huo ndio uliozifanya nyimbo zake za Injili ziaminike hata kwa watu wasioingia kanisani. Afrika Mashariki ina waimbaji wenye kipaji cha namna hiyo kwenye kwaya, kwenye bendi za dansi na kwenye vijiwe vya bongofleva. Tuwafungulie mlango waingie na kila walichojifunza, tuwalipe stahili yao, na tuwadai kazi bora kuliko ile waliyokuwa wakiifanya nje.